Maji ya Kiwanja cha Gofu na Nguo za Swala



Dada yetu mmoja ametuandikia kwamba mumewe ni mtunza nyasi katika kiwanja cha gofu. Mwaka huu wakubwa wake wameacha kumwagilia kwa maji ya kisima, na badala yake watumia maji taka yaliyosafishwa. Mume hurudi nyumbani nguo zimerowa. Je, zafaa kusaliwa? Tena jirani amemwambia kuwa mshahara wenyewe una shaka, kwani nyasi zanyweshwa ilhali watu wanunua maji kwa mitungi.

La mshahara ni jepesi. Gofu ni kutembea na kupiga kijipira; asili yake ni mubaha, maadamu haina kamari wala haimpitishi mtu wakati wa swala. Ujira wa kutunza nyasi ni halali. Ikiwa klabuni mna baa, hilo ni la wenye baa. Yeye asishike chupa tu.

La nguo lataka maelezo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji mengi, yaani yaliyofikia qullatayni (takriban lita 200), hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Yakigeuka, kisha mgeuko huo ukaondoka wenyewe au kwa kuongezwa maji, hurudia twahara yake. Lakini harufu ikifunikwa kwa manukato tu, najisi iko pale pale. Mitambo ya leo haikuwako zama za vitabu hivyo, ila kanuni yake yatosha. Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudia liliamua kwamba maji taka yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, ni twahara, na udhu wajuzu kwayo. Mwaka 1989 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, likaafiki. Kuyanywa ni jambo jingine, kwa sababu ya afya.

Basi hukumu yafuata usafishaji, na mitambo haikulingana. Upo unaoacha taka zitue chini tu, maji yakatoka yangali yanuka. Hayo ni najisi: nyasi zaweza kunyweshwa, lakini nguo iliyorashiwa haisaliwi mpaka ioshwe. Upo mwingine unaopitisha maji kwa vijidudu vinavyokula uchafu, kisha kwenye mchanga wa kuchujia, kisha klorini ya kuua viini. Yakitoka hapo maangavu, bila harufu, nguo hazina tatizo.

Ama jirani, maneno yake yana uzito, ila ameyapeleka kwa mtu siye. Mombasa hunywa maji ya mbali, ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na bado mikokoteni ya maji haikomi vichochoroni, na wanaoyasubiri aghalabu ni akina mama. Mtume (s.a.w.) amekataza kuyazuia maji yaliyozidi, na amekataza israfu hata kwa atawadhaye kando ya mto. Kiwanja cha mashimo 18 huchukua zaidi ya ekari 100, na wakati wa kiangazi chaweza kunywa mamia ya maelfu ya lita kwa siku. Maji hayo yakiwa ya kisima kitamu, jirani ana haki ya kuuliza. Yakiwa ni yale ambayo yangemwagwa baharini, hakuna mtungi wa mtu uliopungua.

Ndugu zetu wa Ghuba walikutana na jambo hili mapema. Dubai ilifungua kiwanja chake cha kwanza cha nyasi mwaka 1988, jangwani, na leo vingi vya huko vyanyweshwa maji taka yaliyosafishwa. Hupandwa pia nyasi ziitwazo paspalamu, zenye kustahimili maji ya chumvi, jambo la kutufaa sisi wenye visima vilivyoingiwa na bahari. Wala si sharti kila shubiri iwe kijani. Mchezo huu ulikulia Uskoti, kwenye mchanga wa pwani, mvua ikinywesha na kondoo wakikata nyasi. Sehemu zisizochezwa na ziachiwe vichaka na ndege.

Liko jambo moja ambalo dada hakuliuliza, nami naona ni zito kuliko nguo: mbolea na dawa za wadudu. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe wenye vinyweleo. Kinachomwagwa juu hushuka upesi visimani na baharini. Maji taka yaliyosafishwa tayari yana nitrojeni na fosforasi, kwa hiyo mbolea ipunguzwe kwa kadiri hiyo. Naye mume avae glavu, aoge kabla ya kumpakata mtoto, na nguo za dawa zisifuliwe pamoja na nepi.

Dada amwombe mumewe ajaze chupa moja ya maji hayo, ayatazame kwenye mwanga na kuyanusa. Yakiwa yangali yanuka, aweke nguo za kazi mbali na kanzu. Naye amuulize msimamizi wake mtambo wao ni wa namna gani, kisha atuandikie tena, maana wako wengine wenye swali kama lake.

Wallahu aalam.