Miguu ya Ruth Haikupiga Piano

Wapenzi wa jazi wakiitaja santuri Cool Struttin' ya mpiga piano Sonny Clark, mara nyingi huitaja kama wanaoiombea radhi. Ni nzuri, watasema, lakini. Baada ya hiyo "lakini" hufuata madai yaliyorudiwa mpaka yakaota mizizi.

Dai jepesi kuliko yote ni kwamba santuri hii inapendwa kwa sababu ya jalada lake. Picha ya Francis Wolff, iliyopangwa na Reid Miles, inaonyesha miguu ya mwanamke mwenye viatu vya mchuchumio akikata mtaa jijini New York. Mwenye miguu ni Ruth Mason, ambaye baadaye aliolewa na Alfred Lion, mwasisi wa kampuni ya santuri ya Blue Note. Jalada tamu, sibishi. Ila jalada hilohilo liliingia madukani Marekani mwaka 1958, na santuri haikutamba. Ilikuja kushangiliwa Japani, nchi yenye mikahawa ambamo wateja hukaa kimya na vikombe vyao huku santuri ikipigwa upande mzima kwenye spika kubwa. Ukisikiliza kwa namna hiyo, jalada halina la kukusaidia.

Dai zito zaidi: waliobeba kazi ni watu wa Miles Davis. Ni kweli kwamba siku ya kurekodi, tarehe 5 Januari 1958, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Hackensack, New Jersey, besi ilikuwa mikononi mwa Paul Chambers na ngoma kwa Philly Joe Jones, wote wa bendi ya Miles. Hata wimbo mmoja, Sippin' at Bells, ni wa Miles mwenyewe. Lakini wawili hao walipiga kwenye santuri nyingi sana za miaka ile, na nyingine leo hakuna anayezikumbuka. Tena hapa Clark amekaa kwenye piano, pale ambapo kwa Miles alikaa Red Garland, na hafanani naye. Garland alipenda kujenga kwa makodi mazito, mikono yote miwili ikitembea pamoja. Clark huuachia mkono wa kulia utembee peke yake, sauti moja baada ya nyingine, sentensi ndefu inayovuka mahali ulipodhani itakata pumzi. Mkono wa kushoto unatupia neno hapa na pale. Jones anamsikia, anamwachia nafasi. Art Farmer kwenye tarumbeta na Jackie McLean kwenye saksafoni yake yenye ukali kidogo wanaingia katika mwendo ambao Clark ndiye aliyeupanga: nyimbo mbili kati ya nne, ule wenye jina la santuri na Blue Minor, ni tungo zake.

Wengine husema Clark alikuwa kivuli cha mpiga piano Bud Powell. Hakuna mpiga piano wa hadibopu, mtindo huu wa jazi, ambaye hakupita kwa Powell, kwa hiyo kumhukumu Clark kwa hilo ni kuwahukumu wote. La muhimu ni alichofanya na urithi huo. Powell hupiga kama mtu anayefukuzwa. Clark anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, kwa makusudi, na bluzi haimtoki hata wimbo ukiwa wa mapenzi wa zamani kama Deep Night. Kama ushahidi wangu hautoshi, Bill Evans, ambaye mtindo wake uko mbali kabisa na huu, alirekodi mwaka 1963 wimbo wa kumkumbuka, NYC's No Lark. Jina hilo ni herufi za Sonny Clark zilizopangwa upya.

Limebaki dai linaloniudhi, kwamba heroini aliyotumia Clark ndiyo iliyoupa muziki huu uchungu wake. Hicho ni kilemba cha ukoka. Clark alizaliwa mwaka 1931 Herminie, Pennsylvania, akafariki New York tarehe 13 Januari 1963, akiwa na miaka 31. Dawa zilimla, hazikumtungia chochote. Wala si dawa tu zilizomfanya asijulikane. Mwaka 1959 aliongoza kikao chenye Donald Byrd, Hank Mobley, Chambers na Art Blakey, na Blue Note ikakiweka ghalani mpaka mwenyewe akafa bila kukiona dukani. Na anayetaka kumsikia karibu na mwisho, atafute santuri Go ya mpiga saksafoni Dexter Gordon, iliyorekodiwa Agosti 1962. Miezi isiyofika mitano ilikuwa imebaki, na vidole bado vinajua vinakokwenda.