KUKAMATA MAGARI: HUKUMU BILA YA KESI

Miongoni mwa dhulma ambazo watu huzizoea hadi zikadhaniwa kuwa ni sheria, ni hii ya kukamatwa magari yaliyoegeshwa katikati ya mji wa Mombasa. Mtu huacha gari lake Barabara ya Digo, akaingia Marikiti kutafuta riziki. Akirudi hukuta gurudumu limefungwa chuma, au gari lenyewe limeshakokotwa hadi yadi. Huambiwa: lipa kwanza, maneno baadaye.

Hatusemi kwamba kaunti haina mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limeikabidhi usimamizi wa barabara zake na maegesho, na hilo halina ubishi. Lakini kupanga maegesho ni jambo moja, na kuizuia mali ya mtu kabla ya kumsikiliza ni jambo jingine kabisa.

Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 47, inamtaka kila mwenye mamlaka atende kwa mujibu wa sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki. Sheria iliyopitishwa mwaka 2015 kutekeleza kifungu hicho imefafanua kwamba anayekaribia kudhuriwa na uamuzi apewe taarifa mapema na nafasi ya kujieleza. Kifungu cha 50 nacho kimempa haki ya shauri lake kuamuliwa na mahakama au baraza huru. Sasa tuulize: askari ambaye ndiye aliyeona kosa, ndiye aliyehukumu, na ofisi yake ndiyo inayopokea faini, huyo ni hakimu au ni mdai?

Watetezi wa uamuzi huu husema kwamba mji umebanana na watu hawalipi ila kwa nguvu. Twajibu: gari lililoziba njia ya ambulansi au ya zimamoto liondolewe papo hapo, wala hapana mwenye akili atakayepinga. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake. Gari lililomo ndani ya mistari ya maegesho halimzuii mpita njia. Kosa la mwenyewe ni deni la ada, na deni hudaiwa kwa hati, si kwa kushika mali rehani. Ajabu zaidi ni gari kutuhumiwa kuziba njia, kisha likafungwa chuma libaki palepale! Je, hapo lengo ni kufungua njia au kufungua mifuko ya watu?

Na ni nani anayeumia? Tajiri hulipa akasahau. Mwenye teksi au pikapu ya kubebea mboga, gari likilala yadi, na watoto wake hulala bila ya chumo la siku ile.

Basi tunadai mambo matatu: ilani ya maandishi yenye muda wa kulipa au kupinga, baraza huru la kusikiliza malalamiko, na hesabu ya wazi ya kila shilingi ya faini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, imempa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti. Tuitumie haki hiyo. Aliyekamatiwa gari aombe sababu kwa maandishi na aihifadhi risiti yake, kwani dhulma isiyoandikwa huwa nyepesi kukanushwa.