Divai Nyekundu Haiongezi Damu



Sisi wa Dodoma ni wakulima wa zabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo divai si kitu kigeni katika nyumba zetu. Ile ya bei nafuu, iliyochanganywa zabibu za aina mbili au tatu, mara nyingi hufika mezani siku za mavuno.

Jioni moja jirani yangu, mzee ninayemheshimu, aliniita kwake tuonje chupa ya divai ya namna hiyo. Tukaonja. Ilikuwa nyekundu sana. Ilikausha kinywa kama chai ya rangi iliyokolea majani. Ladha yake sikuichukia.

Kisha mzee akajaza glasi nyingine. Akampa mkwe wake, mwenye mimba ya miezi sita. Akasema, "Kunywa, mwanangu, uongeze damu. Daktari, hebu mwambie."

Wote wakanitazama. Mimi ni kijana. Kumpinga mzee nyumbani kwake si jambo jepesi. Lakini nilisema, "Mzee wangu, niwie radhi. Hii haiongezi damu. Tena inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni." Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaivuta ile glasi.

Asubuhi mzee mwenyewe alimleta mkwe wake zahanati. Tulimpima damu. Ilikuwa 8. Mama mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Mzee aliona kweli kwamba damu imepungua. Alikosea dawa tu.

Msomaji, wengi wetu tunakosea hivyo hivyo. Tunaona rangi nyekundu, tunafikiri ni damu. Rangi ya divai inatoka kwenye maganda ya zabibu. Ukikamua zabibu nyekundu na kutoa maganda mapema, maji yake hayawi mekundu. Je, rangi ya ganda itakuwaje damu?

Sasa tupige hesabu. Chupa ya divai ina mililita 750. Ikiwa imeandikwa kilevi 12 kwa mia, ndani yake mna mililita 90 za kilevi kitupu. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye kilevi 5 kwa mia, ina mililita 25. Basi chupa moja ya divai inazidi chupa tatu za bia. Kilevi hicho hupita kutoka kwa mama na kumfikia mtoto. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo, au akawa mzito wa kujifunza maisha yake yote.

Damu huongezwa hivi:

1. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema. Ameze vidonge vya madini ya chuma kila siku kama alivyoelekezwa.

2. Ale mchicha, matembele, maharage, dagaa, na maini yanapopatikana. Ale pia chungwa au embe. Asinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma.

3. Alale ndani ya chandarua. Malaria huharibu damu.

4. Watu wote watumie choo na kuvaa viatu. Minyoo ya safura hunyonya damu.

Je, wengine tusionje divai? Mimi sikuja kuwafungia milango. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kwa hiyo mtu mzima akionja, aonje kidogo, na ajue kwamba anaonja pombe. Asijidanganye kwamba anakunywa dawa. Mjamzito na mtoto wasipewe hata tone.

Yule mama anaendelea na vidonge. Mzee ndiye anayemkumbusha kila jioni. Nawe msomaji, kama nyumbani kwako yuko mjamzito, muulize leo: umemeza vidonge?