Rangi Saba Alizihesabu Nani?

Mwulize mwanafunzi yeyote maana ya spektra, atakujibu kama kasuku: "Rangi saba za upinde wa mvua!" Jibu hilo laweza kumpa maki, lakini kwa maoni yangu ni nusu ya jibu.

Isaac Newton alipopitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, miaka ya 1660, kwanza alitaja rangi tano. Baadaye akaongeza rangi ya machungwa na nili, zikawa saba kama noti za muziki. Mwanga wenyewe hauna ua kati ya manjano na kijani. Urefu wa mawimbi yake hubadilika polepole, kutoka nanomita 700 hivi kwenye nyekundu hadi 400 hivi kwenye urujuani.

Sisi wa Busia na Malaba twapaswa kuelewa haya upesi. Hadi 1902 mpaka wa Uganda ulikuwa mbali huko mashariki, katika Bonde la Ufa. Waingereza wakausogeza huku. Mstari ulihama, lakini Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, na lugha zao hazikomi getini. Rangi nazo ni vivyo hivyo: mistari tumechora sisi.

Ati basi hakuna mistari ya kweli? La hasha! Sodiamu ikichomwa hutoa manjano karibu peke yake, kwenye nanomita 589 hivi. Mistari kama hiyo ni kitambulisho cha kila elementi. Heliamu iligunduliwa kwa mstari wake katika mwanga wa jua mwaka 1868, ikaja kupatikana duniani 1895!

Hata hesabu ina spektra. Chukua matriki yenye 2 na 3 kwenye ulalo, na sufuri kwingine. Hurefusha upande mmoja mara 2 na mwingine mara 3. Namba hizo mbili ndizo spektra yake. Kumbe maana ni moja: kukichambua kitu uone kilichomo ndani.

Kwa hivyo naomba walimu wa fizikia na hesabu watufunze neno hili kwa pamoja. Mtadai mtihani hautupi nafasi, lakini anayeelewa hasahau upesi. Nasi wanafunzi tuache kukariri, tuulize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.