Altezza ya Kwetu, Vitz ya Mama

Ukitaka kuanzisha ugomvi kantini, usilete siasa wala mpira. Sema tu kwamba Vitz ni gari zuri kuliko Altezza, kisha kaa pembeni unywe chai yako. Chai itapoa kabla watu hawajanyamaza.

Kwa sheria isiyoandikwa ya chuo hiki, Vitz na Passo ni bebi woka. Ni magari ya kupandia masista na wamama wa vikoba. Altezza ndiyo gari. Na mimi nilikuwa upande huo huo tangu mwaka wa kwanza. Ni binti, nasomea ualimu wa fizikia na hisabati, leseni yangu haina hata miaka miwili, lakini mlio wa Altezza naujua kabla halijakata kona ya hosteli. Kwa hiyo mnaonijua msiseme nimenunuliwa. Naandika haya kwa sababu likizo iliyopita nilipewa hela ya mtu mwingine nichague gari, na kidogo tu niiharibu.

Mtu mwenyewe ni mama yangu. Amefundisha shule ya msingi miaka 33, akastaafu. Kiinua mgongo kilipotoka alilipa madeni, akamalizia bati la nyumba, akatenga milioni 11 za gari. Anaishi Kihonda, Morogoro, anafuga kuku wa mayai, na amechoka kulipa bajaji kila anapopeleka trei mjini. Mimi ni kitinda mimba na ndiye niliyeko Dar yalipo magari, basi akanipigia: "Baba yako mdogo ana maneno mengi, nitachanganyikiwa. Wewe tafuta, ukishapata niite nije na hela."

Nilipata mawili. La kwanza lilikuwa Tegeta: Altezza ya mwaka 2001, rangi ya fedha, namba C, milioni 8 na nusu. La pili Kinondoni: Vitz ya mwaka 2012, namba D, injini ya cc 996, milioni 10 na laki nane, na mwenyewe hashuki hata elfu kumi. (Hapa niseme kitu. Tunapenda kuulizana "namba gani?" kana kwamba herufi ndiyo umri. Herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini nchini, haikuambii lilitoka kiwandani lini. Kuna namba D kibao mjini zilizobandikwa kwenye magari yaliyotengenezwa sisi hatujazaliwa.)

Sitaki kumsingizia Altezza. Kuna watu wazima wanaopenda kutufunga mdomo kwa maneno "gari ni chombo cha usafiri tu." Si kweli, na wao wenyewe hawaamini, ndiyo maana wanaosha magari yao kila Jumamosi. Altezza lilitoka Japani mwaka 1998 na likachukua tuzo ya gari bora la mwaka nchini humo. Nje ya Japani liliuzwa kama Lexus IS. Lile la Tegeta lilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa mtu wa fizikia hilo si pambo: tairi za nyuma zikifanya kazi ya kusukuma, za mbele zinabaki na kazi moja tu ya kuelekeza gari, na mkononi unaisikia tofauti. Halafu ile dashibodi iliyochorwa kama uso wa saa ya mkononi! Nililiendesha kutoka Tegeta hadi Bunju na kurudi, na sikumbuki kama nilimsikiliza muuzaji hata neno moja.

Kinachowashangaza washikaji nikiwaambia ni kwamba mwaka uliofuata tuzo hiyo hiyo ilichukuliwa na Vitz. Bebi woka. Wajapani walewale waliolipenda gari la kukimbia walilipenda pia gari dogo la kubana matumizi, mwaka mmoja baadaye, na hawakuona aibu. La Kinondoni si toleo lile la kwanza, ni la tatu, lakini wazo ni lile lile.

Basi nikampigia mama. Hapa ndipo nilipokosea. Nikamweleza Altezza: linatulia barabarani, viti vizuri, bei iko chini kwa zaidi ya milioni mbili, hela itakayobaki atanunua vyakula vya kuku. Vitz nikaitaja kwa sentensi moja, kwamba ni ndogo na ni ghali. Mama akasema, "Sawa mwanangu, wewe ndiye mwenye macho huko." Sikumdanganya kwa neno lolote. Nilichagua tu maneno.

Kesho yake nikampeleka fundi Tegeta. Ni mzee wa makamo, haongei sana. Akafungua boneti, akaingia chini, akatoka na kidole kilicholowa oili. Kulikuwa na oili inayovuja pale injini inapokutana na giaboksi. Akaniambia sili yenyewe bei yake si kubwa, ila kuifikia lazima giaboksi ishushwe. Bushi za mbele zimekwisha. Taa ya eabegi haiwaki kabisa ukifungua swichi, na taa hiyo inatakiwa iwake kisha izime. Isipowaka, huenda kuna mtu ameizima kwa makusudi. Akafuta mkono, akaniuliza, "Linanunuliwa na nani hili?" Nikamwambia mama, mstaafu. Akaniangalia. "Dada, hii gari siyo mbovu. Hii gari inataka mtu mwenye mshahara na mwenye muda."

Usiku nikakaa na kalamu. Fundi alinipa makadirio yake kwa safari za mjini: Altezza kilomita 8 kwa lita, Vitz kilomita 15. Bei ya mafuta EWURA wanaibadilisha kila mwezi, kwa hiyo nikaweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iende. Mama akitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, Altezza litakunywa lita 125, yaani 375,000. Vitz lita 67 hivi, yaani kama 200,000. Tofauti ni 175,000 kila mwezi. Ile milioni mbili na laki tatu niliyomwambia mama kuwa ataokoa ingekuwa imeishia kwenye tenki ndani ya miezi kumi na nne. Hapo sijaweka plagi sita dhidi ya tatu, wala tairi za rimu 17 dhidi ya 14, wala sili ya oili, wala bampa la chini litakaloachwa kwenye makorongo ya Kihonda msimu wa masika. Na trei za mayai? Altezza lile lina buti lake limefungwa nyuma, unainama na kupanga moja moja. Vitz unalaza viti vya nyuma, unafungua mlango mkubwa, unapanga umesimama. Mama ana magoti mabovu. Sikuwa nimefikiria magoti hata mara moja.

Na swali ambalo hata sisi hatuulizani tukiwa kantini ni hili: likiharibika, nani analipa? Nilikuwa najiambia kimoyomoyo kwamba nitamsaidia. Kwa ajira ipi? Wote tunasoma elimu humu tunawajua kaka na dada zetu waliomaliza na bado wanafundisha tuisheni wakisubiri majina. Hata jina likitoka, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kabla hujanunua sabuni. Nilikuwa nampa mama gari kwa mshahara wangu wa kufikirika.

Nikampigia asubuhi, nikamweleza yote, pamoja na kwamba jana nilikuwa nimelipenda lile gari mimi. Akacheka kwanza. Kisha akauliza, "Sasa lile lilikuwa la kwangu au la kwako?" Nikanyamaza. Akaja Alhamisi na basi la saa kumi na mbili, akaenda Kinondoni, akakaa kwenye Vitz akiwa bado na kitenge cha safari, akavuta kiti mbele mpaka karibu na usukani kama anavyopenda, akasema tulipe. Fundi alikuwa ameshalikagua. Alikuta betri imechoka na tairi mbili za kubadilisha, basi.

Nisiwafiche, Vitz ina udhaifu wake. Tulipokuwa tunaelekea Morogoro, kabla ya Chalinze tulikuta malori yamefuatana. Injini ya silinda tatu, watu watatu ndani, kiyoyozi kimewashwa: kulipita lori moja ilibidi tuzime kiyoyozi na kungoja nafasi iliyo wazi kweli kweli. Anayesafiri barabara kuu kila wiki namshauri atafute cc 1300. Mama hasafiri. Anakwenda mjini na kurudi, na shambani mara moja kwa wiki.

Nalisema hili kwa wenzangu ambao bumu likitoka wanaanza kuchungulia matangazo, na kwa wale wenye biashara zao ndogo wanaokaribia kununua kweli. Altezza mlipende, mimi bado nalipenda. Ila kabla hujaita Vitz bebi woka, taja jina la fundi wako na kiasi ulichomlipa mwezi uliopita. Wenye Altezza halisi hapa chuoni, wawili ninaowafahamu, hawabishani kamwe kantini. Mmoja limelala kwenye matofali nyuma ya hosteli tangu muhula wa kwanza. Mwingine baba yake ana kituo cha mafuta.

La Tegeta bado halijauzwa. Limeshushwa mpaka milioni 7 na laki tisa, na kwenye picha mpya wameosha injini ikang'aa, hakuna hata tone la oili. Nimeliangalia tangazo jana usiku. Atakayekwenda kuliona aingie na tochi chini, pale injini inapokutana na giaboksi.