Gari Lililopona Kila Lilipofikishwa kwa Fundi

Kwa muda wa miezi minne nilikuwa na gari lililougua barabarani na kupona gerejini. Asubuhi liliwaka bila hiana. Mchana, baada ya kukaa katika foleni ya Barabara ya Morogoro, nililizima kwa dakika 10 ili niingie dukani. Niliporudi na kuzungusha ufunguo, nilisikia mlio mmoja tu, “tak”, kisha kimya. Baada ya nusu saa liliwaka kana kwamba halijawahi kunikosea. Nilipolipeleka kwa fundi, aliliwasha mara nyingi mfululizo, likawaka mara zote, naye akanitazama kwa huruma ile ile ambayo, nakiri, nimewahi kuwatazamia wagonjwa waliosema huzirai ilhali vipimo vyao vyote vilikuwa safi.

Mimi ni daktari wa moyo, na ufundi wa magari sikusomea. Hata hivyo gari lile limenithibitishia jambo ambalo kwa miaka mingi nimelifundisha darasani kwa maneno makavu: hitilafu ijayo na kuondoka haitafutwi kwa njia ya hitilafu inayodumu. Kuikosa siku ya uchunguzi si ushahidi kwamba haipo.

Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Simlaumu sana, kwa kuwa betri ndiyo mshukiwa wa kwanza katika mashitaka ya aina hii. Lakini betri iliyochoka ina dalili zake. Taa za dashibodi hufifia ufunguo unapozungushwa. Stata huzunguka kwa uvivu, au hutoa milio mingi ya haraka haraka. Na hali huwa mbaya zaidi alfajiri baada ya gari kulala, wala si baada ya safari ya saa nzima, wakati altaneta imekwisha kuichaji betri. Gari langu lilifanya kinyume cha hayo yote, na hakuna aliyeniuliza. Betri mpya ikafungwa. Siku 11 zikapita bila gari kugoma, nami nikamsifu fundi yule kwa jamaa zangu. Siku ya 12 likagoma. Fundi wa pili alibadilisha stata, nikapata siku 8 za amani.

Hapa pana mtego wa hesabu unaowanasa mafundi na madaktari kwa pamoja. Tuchukulie kwamba hitilafu hutokea kwa nasibu, kwa wastani wa mara moja katika siku 10. Uwezekano wa kupita siku 10 salama bila kutengeneza chochote ni zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo ukibadilisha kipuri chochote kile, hata kioo cha pembeni, una nafasi nzuri ya kuonekana bingwa kwa siku 10. Ni hadi zipite siku 30, yaani mara tatu ya kipindi cha kawaida, ndipo uwezekano huo hushuka hadi takriban 5 katika 100, na mtu ana haki ya kuanza kuamini kwamba ametibu kitu. Mganga wa aina yoyote anayetibu ugonjwa wa vipindi hupata shukrani nyingi asizozistahili, nasi wenye makoti meupe tumo.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mwenye gereji ndogo chini ya mwarobaini. Hakufungua boneti. Aliniuliza: linagoma injini ikiwa moto au baridi? Unasikia nini? Taa zinafifia? Ukihamisha gia kutoka P kwenda N linawaka? (Katika magari ya gia za otomatiki, swichi ya gia iliyochakaa inaweza kuizuia stata isipate umeme.) Niliposhindwa kujibu maswali mawili kati ya manne, aliniagiza ninunue daftari, niandike kila tukio, kisha nirudi. Niliona haya, kwani agizo hilo hilo huwapa wagonjwa wangu kila wiki.

Katika wiki sita niliandika matukio matano. Manne yalitokea ndani ya nusu saa baada ya kuzima injini yenye moto. Mara zote mlio ulikuwa mmoja. Taa za dashibodi hazikufifia hata mara moja, na kuhamisha gia hakukusaidia. Mzee alisoma ukurasa ule kwa makini, akasema betri haina neno, na stata huenda haikuwa na neno hata ile ya zamani. Umeme unapotea njiani.

Alichofanya baadaye kilinifurahisha kuliko yote. Alijua kwamba kupima gari likiwa zima kungempa majibu ya gari zima. Basi alifunga ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akapitisha nyaya pembeni mwa boneti hadi dirishani, akaiweka mita juu ya kiti cha abiria. Nitembee nayo hivyo. Siku gari litakapogoma, niwashe mita, nizungushe ufunguo, nisome namba. Stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100, na umeme wote huo hurejea kwenye betri kupitia waya wa ethi. Waya ukiwa mzima, kati ya ncha hizo mbili mita haipaswi kuonyesha zaidi ya nusu volti wakati stata inapovutwa. Siku ya tisa gari liligoma nje ya benki. Mita ilisoma volti 7. Zaidi ya nusu ya nguvu ya betri ilikuwa ikiishia ndani ya waya ule, na iliyobaki haikutosha kuigeuza injini.

Kwa nje waya ulikuwa mzuri. Mzee alipochana gamba lake karibu na kifungio, nyuzi za shaba zilikuwa zimeliwa na kutu ya kijani, zawadi ya kawaida ya hewa yetu ya chumvi. Bei ya waya mpya haikufika sehemu ya kumi ya bei ya betri niliyonunua bure.

Mita iliyosafiri kwenye kiti cha abiria ina ndugu katika fani yangu. Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo hurekodi takriban sekunde 10, na siku ina sekunde 86,400. Tunachungulia sehemu 1 katika 8,640, kisha tunaandika kwamba moyo hauna tatizo. Mmarekani Norman Holter aliliona pengo hilo. Kifaa chake cha mwanzo, kilichobebwa mgongoni, kilikuwa na uzito wa takriban kilo 38. Leo kirekodi chenye jina lake hutosha kiganjani, na vipo vinavyopachikwa chini ya ngozi na kuusikiliza moyo hadi miaka 3.

Nakumbuka mama mmoja aliyeletwa kwetu akiwa amemeza dawa za kifafa kwa miaka miwili. Vipimo viwili vya moyo vilikuwa safi. Binti yake, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza, alieleza kwamba mama huanguka ghafla, midomo hupauka, hulala kimya kwa muda mfupi, kisha huamka na kuuliza kwa nini watu wamemzunguka. Mtu aliyetoka katika degedege la kifafa kwa kawaida haamki na akili timamu kwa haraka namna hiyo. Kirekodi cha saa 24 hakikuona kitu. Cha siku 7 kiliukuta moyo ukisimama kwa sekunde 6. Aliwekewa kifaa cha kusaidia mapigo, na dawa za kifafa zikaachishwa taratibu.

Sidhani kwamba wenzetu waliomtibu kabla walikuwa wazembe. Tumejenga utaratibu unaolipa kipuri na kudharau uchunguzi. Fundi anayeuza betri hupata faida. Anayetumia saa nzima kuuliza maswali huulizwa amefanya nini hasa. Kliniki nazo, mgonjwa mwenye dakika 7 za daktari hutoka na karatasi ya dawa, kwa kuwa dawa ndiyo inayoonekana kuwa huduma. Ningependa bima zetu zilipie muda wa kumsikiliza shahidi wa tukio kama zinavyolipia kipimo, na kila mgonjwa anayezirai aambiwe siku anapopangiwa miadi kwamba aje na mtu aliyemwona akianguka.

Yule mzee alinitoza ada ya uchunguzi iliyozidi bei ya waya. Mteja aliyekuwa akisubiri nyuma yangu alilalamika kwa niaba yangu. Nililipa, nikaenda na daftari langu. Tangu hapo zimepita siku 140 bila gari kugoma.