Usichoweza Kukitengeneza Si Chako

Najua mtacheka. Nimetoka Lushoto, na habari niliyorudi nayo ni ya mashine ya boti. Ndiyo, Lushoto ile ile ya baridi, kabichi na plamu. Hakuna bahari Lushoto. Ukiitaka bahari ushuke kona zote hadi Mombo, upite Korogwe, Segera na Muheza mpaka Tanga. Tulieni, nitawafikisha.

Nilipanda kwa ajili ya msiba. Mjomba wangu naye alikuja, akitokea Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Mkononi alikuwa na kitu kizito ndani ya gunia. Matanga yalipokwisha akaniambia, "Mpwa wangu, nisindikize kwa shemeji, yule fundi." Ndani ya gunia mlikuwa na shafti ya pangaboi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mashine ya mjomba ni ndogo, ya zamani, zile za kuchanganya petroli na oili. Kwenye mashine za namna hiyo kuna pini nyembamba inayopita kwenye tundu la shafti na kulishika pangaboi ili lizunguke. Siku moja maji yamekupwa, pangaboi likagonga mwamba, pini ikakatika. Kijana mmoja pale ufukweni, mwenye sifa za ufundi, akachukua boliti ngumu ya gari, akaisugua ikawa nyembamba, akaipigilia. Mashine ikawaka, boti ikaenda, kijana akapewa hongera na samaki wawili.

Pangaboi lilipogonga tena, boliti haikukatika. Kilichoumia ni shafti: tundu likatanuka likawa kama yai. Mjomba akaenda mjini kuulizia. Akajibiwa kwamba modeli hiyo imepitwa na wakati, anunue mashine mpya. Mashine mpya! Kwa mtu anayehesabu changu kwa mafungu.

Basi tukaingia kwenye karakana ya shemeji yake. Ni banda la mabati lenye mashine ya kukereza ambayo nadhani ina umri kuliko mimi na wewe. Mteja wake ni mwenye kinu cha mahindi, mwenye msumeno wa mbao na mwenye Land Rover iliyochoka. Boti hajawahi kupanda. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Pini ya mwanzo ilikuwa ya chuma gani?" Mjomba akamwonyesha ile boliti. Fundi akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, pini hii imetengenezwa ili ivunjike."

Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Pini huwekwa laini makusudi. Pangaboi likigonga mwamba, pini ya bei ya andazi inakatika ili gia zisikatike. Ukiweka ngumu, umeiondoa kinga.

Kisha akafanya kazi. Aliiosha shafti kwa petroli, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta, akaipaka chaki. Kama kungekuwa na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yangetoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hakukuwa na mstari. Akaizungusha kwenye mashine kuona kama imepinda. Akaliziba tundu kwa kulehemu, akakereza shafti ikarudi kuwa laini, akatoboa tundu jipya. Mwisho akachukua fito ya shaba ya kulehemia, akakata pini kumi.

Mjomba akalalamika kwamba hizo zitakatika haraka. Fundi akamjibu, "Ikikatika unapoteza dakika kumi. Ikikataa kukatika unapoteza mashine."

Bei? Shilingi 20,000, pini zikiwemo.

Sasa ngoja nitoe ya moyoni.

Kwanza, tuache kudanganyana kwamba "mafundi wetu ni hodari" halafu basi. Yule wa boliti naye ni fundi wetu. Ujanja wa kuifanya mashine iwake leo si ujuzi. Fundi hodari anajua kwa nini kitu kiliwekwa pale kilipowekwa, na mlipuaji anajua tu kukirudisha. Tukiwasifia wote kwa sauti moja tunamtukana aliye hodari.

Pili, na hapa najishtaki mwenyewe. Waandishi tunapenda sana habari ya kukabidhi boti. Mgeni rasmi anakata utepe, mashine zinang'aa, wavuvi wanapiga makofi, picha inapigwa. Nimeziandika habari hizo. Sijawahi kurudi baada ya mwaka kuuliza mashine ngapi bado zinawaka. Sijawahi kumwuliza mgeni rasmi: je, kuna kitabu cha maelekezo kwa Kiswahili? Kuna sanduku la pini, plagi na mpira wa pampu ya maji? Kuna mtu amefundishwa kuzibadilisha? Mashine isiyo na majibu hayo, hata mvuvi akiulipia mkopo wake wote, bado hajaimiliki. Mwenye mashine ni yule mwenye spea.

Tatu, sisi wasomi wa mjini. Simu ikipasuka kioo tunatafuta mpya. Mtoto akitaka kwenda ufundi tunaona kafeli maisha. Nchi hii ilianzisha SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na TEMDO mwaka 1980 kule Arusha ili tubuni na kutengeneza mitambo yetu. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Nia ilikuwepo na bado ipo. Lakini kumpa fundi cheti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni sisi kujifunza kutoka kwake. Ile mbinu ya chaki ataizika nayo?

Mtasema nataka turudi nyuma. Hebu tuangalie nyuma kidogo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafungia Wajerumani bahari, taasisi yao ya Amani, hapo hapo Usambara Mashariki, iligeuka kutengeneza kwinini, sabuni na mishumaa. Manowari yao Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, iliharibika mtambo ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Hamburg hakukupigika simu. Vyuma vilivyoharibika vilipelekwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waliovivuta walikuwa babu zetu. Na Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika? Mafundi walioizamisha mwaka 1916 waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi. Siwasifu wakoloni. Nasema tu kwamba kazi hizo zilifanyika kwenye ardhi hii, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na sisi leo tunaambiwa shafti moja haitengenezeki.

Na hao wa Ulaya hawajalala. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimisha wauzaji wa baadhi ya bidhaa, simu zikiwemo, kumwonyesha mnunuzi alama ya jinsi zinavyotengenezeka. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza. Matajiri wanadai haki ya kutengeneza, maskini tunaambiwa tununue mpya! Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kwa hiyo neno sheria si geni mlimani. Kwa nini nasi tusiwe na sheria kwamba anayetuuzia mashine ya boti, trekta au pampu aweke na spea zake kwa miaka kumi, na kitabu cha Kiswahili ndani ya boksi?

Kuna hoja moja naikubali. Mashine hizo za zamani zinakunywa petroli na kutema oili baharini, na siku moja lazima ziondoke. Sawa, ziondoke. Lakini hizo mpya zitagonga mwamba ule ule. Siku hiyo mvuvi atakuwa na nini mkononi, pini ya shaba au boliti ya gari?

Mjomba alinipigia juzi. Ameshakata pini mbili. Nane zimo kwenye kichupa cha dawa kilichofungwa kwa kamba ndani ya boti, pamoja na koleo. Na yule kijana wa boliti? Mjomba amempa moja, akampeleka kwenye mashine, akamwambia aibadilishe mwenyewe huku akieleza kwa nini ni laini.

Hayo ndiyo mafunzo ambayo sijawahi kuyaandikia habari. Leo nimeanza.